Macho ya Mbwa Yageukapo Manjano

Barua ya juma hili imetoka kwa mke wa askari mjini Mbarara. Mbwa wao jike wa jamii ya Labrador, mwenye miaka saba, hataki chakula, anatapika, na weupe wa macho yake umegeuka manjano. Jirani anadai kalishwa sumu. Mume asema ni kupe. Mama auliza: je, yawezekana maradhi haya ni ya kurithi? Maana shemejiye, polisi aliyeko Nakivale, amekwisha ahidiwa mtoto wa mbwa huyo.

Yawezekana. Shaba huingia mwilini kwa chakula, na ini huitoa ya ziada kwa njia ya nyongo. Wako mbwa waliozaliwa na ini lisiloimudu kazi hiyo. Shaba hujilimbikiza mwaka hata mwaka, na dalili zitokeapo ini limekwisha kuharibika. Maradhi haya yalielezwa mwaka 1975 kwa mbwa wa asili ya Uingereza waitwao Bedlington Terrier. Mwaka 2002 wataalamu wa Uholanzi waliigundua kasoro yenyewe katika chembe za urithi. Bedlington huugua akiirithi kwa baba na kwa mama pia, nao wazazi waweza kuonekana wazima kabisa. Kwa Labrador urithi una mafundo zaidi, na chakula huchangia sana.

Basi nakuuliza, mama: mbwa huyo humpa maini? Wengi hudhani ni kumwenzi. Maini ya ng'ombe yamejaa shaba. Kwa mbwa wa namna hii ni kuongeza kuni motoni. Yaacheni leo hii.

Hata hivyo msiulaumu ukoo kwa haraka. Homa iletwayo na kupe nayo hugeuza macho manjano, na unga wa mahindi ulioota kuvu huua ini la mbwa (wala usiusongee watoto ugali). Mpelekeni kwa daktari wa mifugo apimwe damu. Shaba huthibitishwa kwa kupima kipande kidogo cha ini. Ikionekana, iko dawa ya penisilamini, si penisilini, iitoayo shaba kwa mkojo.

Kwa sasa jike huyo asipandishwe. Shemeji wa Nakivale akiwa na haraka ya mlinzi, na atafute mtoto wa mbwa wa kienyeji huko huko, atabweka vilevile.