Mambo ya Nyumbani: Intaneti Ikatikapo Wakati wa Kazi



Miezi miwili iliyopita naliitwa nyumbani kwa dada yangu, Mji wa Kale, Mombasa. Nikamkuta mpwa wangu amejiinamia mbele ya kompyuta yake, na mama yake kasimama mlangoni hana la kusema. Binti huyu ni karani wa hesabu wa nyumba moja ya biashara iliyoko Dubai. Kazi yake yote aifanyia chumbani mwake, na mshahara wake ndio ulipao kodi ya nyumba na karo ya wadogo zake wawili. Siku ile alikuwa amepata barua ya mkuu wake, kwamba katika mikutano mitatu sauti yake imekatika, na kwamba hali ikiendelea hivyo hata mwisho wa mwezi, kazi atapewa mwingine.

"Mjomba," akaniambia, "kazi naiweza. Kisichoweza ni kisanduku hiki."

Mimi si fundi. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Lakini jambo likigusa riziki ya nyumba, haimpasi mtu mzima kukaa kando akasema halimhusu. Tukamwita kijana mmoja wa mtaani ajuaye mambo haya, nami nikakaa naye toka asubuhi hata alasiri nikimwuliza kila alifanyalo. Nayaandika niliyoyaona kwa kuwa najua ziko nyumba nyingi zenye taabu hii, na nyingi katika hizo zatoa fedha pasipo faida.

Kwani la kwanza walilolifanya hawa nao lilikuwa kutoa fedha. Kaka yake binti alikwenda akaongeza malipo ya mwezi, kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20. Sauti ikakatika vile vile. Kumbe mazungumzo ya sauti hayali hata megabiti moja, na mkutano wa kuonana nyuso hutosheka kwa mbili tatu hivi. Mfereji ulikuwa mpana wa kutosha tangu mwanzo. Palipovuja ni pengine.

Kijana akaanza kwa kutafuta pavujapo. Alichukua waya mfupi, akaiunga kompyuta na ruta pasipo kupitia hewani, akamwambia binti afanye kazi hivyo asubuhi nzima, pale pale sebuleni. Haikukatika hata mara moja. Kisha akamwonyesha amri iitwayo ping, ambayo hupeleka ujumbe mdogo na kuhesabu muda wa jibu kurudi. Akaipeleka kwa ruta yenyewe, ambayo anwani yake aghalabu ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na mara nyingi imeandikwa chini ya kisanduku. Kwa waya, jibu lilirudi kwa milisekunde moja au mbili. Kwa waifai, kutoka chumbani mwa binti, mara lilirudi kwa 40, mara kwa 300, mara halikurudi kabisa. Basi ikawa dhahiri kwamba kampuni iliyokuwa ikilaumiwa kutwa kucha haikuwa na kosa. Ujumbe ulikuwa ukipotea ndani ya nyumba, kabla haujafika hata kizingitini.

Na nyumba zetu za kale mwazijua. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake hukaribia dhiraa moja. Wazee walizijenga hivyo zizuie joto, nazo zazuia mawimbi ya waifai vile vile. Ruta ilikuwa sebuleni, ndani ya kabati, nyuma ya televisheni, kwa kuwa dada yangu aliona taa zake hazipendezi. Kati yake na chumba cha binti palikuwa na kuta mbili na kioo kikubwa cha kujitazamia, na kioo nyuma yake kina madini, nayo madini huyarudisha mawimbi yalikotoka. Kadhalika ruta hizi husema kwa masafa mawili: ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali na hupenya ukuta vizuri kidogo, na ya gigahezi 5, ambayo ni mepesi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Yale ya 2.4 nayo yana adui wake jikoni: tanuri ya maikrowevu hutumia masafa hayo hayo, na ipashapo chakula moto huyavuruga.

Tuliitoa ruta kabatini, tukaiweka juu, mahali peupe. Hali ikawa afadhali, lakini afadhali haimtoshi mtu aliyeandikiwa barua. Tukanunua waya wa mita 20 tukaupitisha juu ya milango mpaka mezani pake. Waya wa namna hii hufanya kazi hata mita 100 pasipo kupungukiwa. Muulizeni mwuzaji kama ndani yake ni shaba tupu, kwani ziko za aluminiamu zilizopakwa shaba, za bei ndogo, nazo hukatika upesi zikipindwa. Na ukipitishwa nje ya ukuta, uachwe uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondoke yasifuate waya mpaka ndani.

Gharama ya waya ilikuwa ndogo kuliko ile nyongeza ya mwezi mmoja. Kaka yake tukamrudisha ofisini akapunguze malipo.

Wiki ya pili, tukidhani yamekwisha, sauti ikakatika tena, kila siku baada ya adhuhuri. Hii ilitusumbua zaidi. Mwisho kijana akagundua kuwa mdogo wake arudipo shule, simu yake huanza kupandisha picha na video zote kwenye ghala la mtandaoni, yeye mwenyewe hana khabari. Njia ya kupandisha ikijaa, maneno ya binti hukaa foleni nyuma ya video za mpira. Ni kama mlango mmoja wa msikiti baada ya sala ya Ijumaa: aliye na haraka na asiye nayo wote watoka kwa mwendo mmoja. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Foleni namna hii huzipita kwa mbali. Simu ikapangiwa kupandisha usiku, na kwenye ruta kukawekwa kikomo kilicho chini kidogo ya uwezo wa laini, ili foleni isirundikane.

Hapa nina neno na wazee wenzangu. Saa mbili ya asubuhi huko Dubai ni saa moja kwetu, na toka saa hiyo binti huyu yuko kazini, ijapokuwa mwamwona yuko nyumbani. Kumtuma dukani katikati ya mkutano ni kama kumfuata karani ofisini na kumpa kikapu.

Yako yasiyo mikononi mwetu. Kwenye kisanduku cha faiba, ikiwaka taa nyekundu iliyoandikwa LOS, mwanga haufiki, na kuzima na kuwasha hakusaidii. Tazameni tu kama uzi wa kioo umekunjwa vikali nyuma ya kabati, kisha piteni kwa kampuni. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikapooza. Siku kama hizo wengi walizima ruta zao mara kumi kumi bure. Lililo jema ni kuandika saa ya kila kukatika na taa iliyowaka, na kumpasha mkuu wa kazi khabari mapema, kabla hajauliza.

Mwisho wa mwezi ule ulipita na barua ya pili haikuja. Lililosalia ni umeme. Tumenunua betri ndogo ya volti 12 ya ruta, baada ya kusoma nyuma yake kwamba ni 12 kweli, kwani ziko za 9, na hizo huungua. Umeme ulipokatika Jumanne, ruta ikawaka, intaneti isiwepo: tulisahau kwamba kisanduku cha faiba ni kingine, nacho chataka betri yake. Hiyo twangoja mshahara.