Mtoto anayecheza hapotezi wakati

Mwaka 1826, huko Haworth, Uingereza, mchungaji Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell askari 12 wa mbao. Branwell na dada zake Charlotte, Emily na Anne waliwapa majina, wakawaundia nchi ya kufikirika na kuandika habari zake katika vitabu vidogo sana. Mwaka 1847, dada hao watatu wote walichapisha riwaya.

Mashariki mwa Congo, mtoto anayejichongea chukudu ndogo na kuitungia safari mara nyingi huambiwa aache upuuzi. Hilo ni kosa. Vita vimekwisha kuwanyang'anya watoto wengi nyumba na masomo. Wazazi wasiwanyang'anye na ndoto. Inafaa bibi asimulie hadisi jioni, mwalimu naye awaachie wanafunzi watunge zao. Hakuna faranga inayohitajika.