Hakuna zao duni, liko zao lililotupwa

Mkulima wa Karagwe au Kyerwa akiulizwa amelima nini, atataja migomba, kahawa, maharage, mahindi na muhogo. Ulezi uliopandwa pembeni hatautaja. Njugu mawe za bibi yake hatazitaja. Mnavu na mgagani uliootea nyuma ya jiko hatauhesabu kabisa kuwa zao. Anayemwuliza naye hashangai, maana macho yake yamezoea mazao makubwa. Hivyo mimea hiyo huishi bila jina katika mipango. Na kisicho na jina hakitengewi fedha, hakipelekewi mtaalamu, wala hakiulizwi kimekwenda wapi kinapotoweka.

Wako wanaodai kuwa huo ndio mwendo wa maendeleo: zao bora hukua, zao duni hufa. Hoja hiyo ni potofu, na historia ya Kagera yenyewe inaikanusha. Kahawa ya robusta haikuzaliwa mfalme. Kabla ya ukoloni ilikuwa kahawa ya kutafuna, ya kumkaribishia mgeni na kufungia udugu. Kilichoifanya zao la biashara ni ukoloni uliotaka mali ya kusafirisha na kodi ya fedha taslimu. Baadaye ikapata vyama vya ushirika, ikapata bodi, ikapata Taasisi ya Utafiti wa Kahawa. Mahindi nayo ni mgeni aliyetoka Amerika. Hakuna zao lililopanda cheo kwa nguvu zake lenyewe. Kila lililopanda lilipandishwa na watu, na kila lililoshuka lilishushwa na watu.

Sasa itazamwe hasara ya kuegemea nguzo chache. Mwaka 1997 ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulibainika Kagera. Miaka hiyo hiyo ya mwisho ya 1990 batobato kali la muhogo liliingia kutoka upande wa Uganda. Mwaka 2006 ukabainika mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, ambao Uganda uliugundua mwaka 2001. Wananchi waling'oa na kufukia migomba waliyoachiwa na baba zao, wakafundishwa kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda na kusafisha panga kabla ya kuhama shina moto kwa moto. Katika muda usiozidi miaka kumi, nguzo tatu za nyumba zikatikiswa. Nyumba ya nguzo tatu ikitikiswa zote, waliomo ndani wakimbilie wapi?

Hata pale ambapo nguzo hazikutikiswa, liko jambo la aibu lisilopasa kufichwa. Kagera ni mkoa wa mvua na wa kijani. Mgeni apitaye Kayanga au Nkwenda huona mikungu ya ndizi njia nzima, akaondoka akisema kuwa hapa hakuna njaa. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa Taifa ni asilimia 30. Watoto hao hawakukosa shibe, walikosa lishe. Ndizi iliyopikwa hujaza tumbo, lakini protini yake haifiki asilimia 2 ya uzito. Mtoto anayelishwa ndizi pekee hushiba huku mwili wake ukilia.

Na dawa iko palepale uani. Njugu mawe kavu zina protini ya asilimia 18 hivi. Tena zao hilo hustawi katika udongo hafifu na kuurutubisha, na ndiyo sababu akina mama wa mkoa huo walilipanda katika nyasi za rweya ambako mgomba haukubali. Ulezi, yaani oburo, una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu katika kila gramu 100, kiasi ambacho mchele na mahindi haviukaribii, na ukikaushwa vema hukaa ghalani miaka bila kubunguliwa. Majani ya mnavu, mgagani na mchicha yana madini ya chuma na vitamini A. Mtama hustahimili ukame, lakini heshima iliyobakizwa kwake ni kuchachulia rubisi! Vyakula hivi ndivyo vinavyoitwa vya maskini na vya wakati wa njaa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Watasema kuwa mazao haya hayana soko. Mbona mama wa mjini anautafuta ulezi kwa ajili ya uji wa mtoto na kuununua kwa bei inayoishinda ya mahindi? Watasema yana kazi nyingi: palizi ngumu, kuwinga ndege, kupura kwa mkono. Hilo ni kweli, na wanaobeba mzigo huo ni wanawake. Lakini ugumu wa kazi ni sababu ya kuleta mbegu bora na mashine ya kupuria, si sababu ya kulitupa zao. Kahawa ilipougua haikuambiwa ife. Wataalamu walitafuta aina zinazostahimili mnyauko. Kwa nini ulezi unyimwe haki hiyo?

Dunia imeanza kuzinduka. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2019 kwamba kati ya mimea 6,000 hivi iliyolimwa kwa chakula, 9 tu hutoa theluthi mbili ya mavuno yote. Umoja wa Mataifa ukaufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa ulezi, uwele na jamii yake. Tanzania haikupaswa kungoja kuambiwa. Azimio la Siasa ni Kilimo ni la mwaka 1972, na kampeni ya Chakula ni Uhai iliendeshwa redioni mwaka 1975.

Hakuna anayesema migomba ing'olewe au kahawa iachwe. Linalodaiwa ni dogo na linawezekana. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, ziyaandike mazao haya katika mipango yao na kuyapimia malengo. Kila shule iwe na kitalu cha njugu mawe, ulezi na mboga za asili, na mavuno yaingie katika chungu cha wanafunzi. Bwana shamba aketi na wazee kabla ya kuwafundisha, kwa kuwa mbegu hizi hazimo katika maduka ya pembejeo. Zimo katika vibuyu vya akina bibi. Sampuli zake zipelekwe Arusha, iliko hifadhi ya Taifa ya nasaba za mimea.

Kibuyu hicho hakina mrithi. Bibi akifa bila kuulizwa, mbegu huliwa au huoza, na elimu ya kuipanda huzikwa pamoja naye. Kiwanda kikifungwa chaweza kufunguliwa tena. Mbegu iliyopotea hairudishwi kwa agizo la mkutano wowote.