Uji Uliozidi Maji

Kumsifu mtu kwa kazi njema si kumpa ruhusa ya kutulisha chochote baadaye. Peter Jackson alipotengeneza The Lord of the Rings, 2001 hadi 2003, vitabu vitatu vinene vilimlazimu kupunguza. Picha ya tatu ikapata tuzo 11 za Oscar, nayo ilistahili. Kisha akakishika The Hobbit, kitabu kimoja chembamba cha watoto, akakinyosha kuwa picha tatu! Vita alivyovipitisha Tolkien kwa kurasa chache, kwa kuwa Bilbo alipigwa jiwe akazimia, vikajaza sehemu kubwa ya picha ya mwisho. Mwaka 2024 ikatangazwa nyingine, ya msako wa Gollum, Andy Serkis akiwa mwongozaji na Jackson mtayarishaji. Msako huo kitabuni ni masimulizi mafupi tu vinywani mwa Gandalf na Aragorn. Nani aliyeuomba? Mimi tiketi sikati.