Nadharia hakiki na sisi waandishi wa programu

Ukisikia "nadharia hakiki" usidhani ni yale mambo ya darasa la fasihi. Hii ni fikra iliyokuzwa na Taasisi ya Utafiti wa Jamii, iliyoanzishwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1923. Kwa maoni yangu, sisi watu wa tarakilishi tunaihitaji kuliko wengi.

Tuanze na Max Horkheimer. Wanazi waliifunga taasisi hiyo mwaka 1933 naye akakimbilia uhamishoni. Mwaka 1937 alitofautisha nadharia za aina mbili. Ile ya kawaida hueleza mambo yalivyo, basi. Ile hakiki huuliza zaidi: ni nani anayefaidika mambo yakiwa hivi, na yabadilishwe vipi ili watu wawe huru?

Baadaye, yeye na Theodor Adorno waliandika kwamba akili iliyotutoa gizani inaweza kugeuka chombo cha kutawala watu. Kwa nini? Kwa sababu imekuwa hodari wa kutafuta njia, lakini haihoji lengo.

Sasa tujiangalie. Chuoni tulifundishwa kupima programu kwa kasi yake na kumbukumbu inayotumia. Sikumbuki mtihani ulioniuliza programu yangu inamtumikia nani.

Chukua programu za mikopo ya simu hapa Kenya. Baadhi yazo zilisoma namba zote zilizohifadhiwa katika simu ya mkopaji. Akichelewa kulipa, jamaa na marafiki zake walipigiwa simu, akaaibishwa. Kiufundi hapakuwa na hitilafu yoyote: programu ilifanya ilichoagizwa. Ilibidi Benki Kuu ya Kenya itoe kanuni mwaka 2022 kukataza mtindo huo. Lakini kabla ya hapo kuna mwenzetu aliyekaa akaiandika kazi hiyo, akaijaribu, akaona iko sawa.

Wapo watakaosema wanafalsafa hawa walilalamika sana na kutoa suluhisho chache, tena kwa lugha ngumu. Ni kweli. Ila swali lao halihitaji shahada ya falsafa, na kuhakiki teknolojia si kuichukia.

Hivyo basi, ukipewa kazi kesho, usiulize tu "itafanyaje kazi?" Uliza pia "itamfanyia nani kazi, na nani ataumia?" Jibu lisipokuridhisha, sema mapema, kabla programu haijafika kwenye simu za watu. Wewe waonaje?