Utabiri Usiohifadhiwa Haupimiki

Wilaya ya Kyela, iliyopo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi sana nchini: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo hustawisha mpunga na kakao. Mvua hiyo hiyo huifurisha mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na humharibia mkulima kakao aliyoianika juani. Kwa wakazi wa huko, basi, kujua kama utabiri wa hali ya hewa unaaminika si anasa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku katika tovuti yake. Lakini msomaji huusoma wa leo na kuusahau wa jana. Mwaka ukiisha, wako wasemao kwamba utabiri hukosea daima, na wako wauteteao; hapana mwenye ushahidi. Utabiri usiohifadhiwa haupimiki.

Kazi hii yafaa ifanywe na shule za sekondari. Shule yenye kipimamvua na kompyuta moja iliyounganishwa na intaneti yaweza kutunga programu fupi inayoufungua ukurasa wa utabiri mara moja kwa siku, ikachukua tarehe na maneno yanayohusu Mkoa wa Mbeya, na kuyaandika katika jedwali. Kando yake wanafunzi huandika kipimo cha mvua walichosoma saa tatu asubuhi. Wakumbuke tu kwamba utabiri ni wa eneo pana, na kipimamvua ni cha mahali pamoja.

Wapo watakaosema kwamba kalamu na daftari vyatosha. Hoja hiyo ina nguvu, na daftari ndilo la kuanzia. Hata hivyo, wanafunzi huenda likizo na walimu huhamishwa. Tena programu iliyotungwa katika kompyuta moja mara nyingi hugoma katika nyingine. Dawa ya ugomvi huo ni kontena. Kontena la mizigo huteremshwa melini Dar es Salaam na kupakiwa katika lori liendalo Malawi kupitia Kasumulu, bila bidhaa zake kupakuliwa moja moja. Vivyo hivyo, kwa zana kama Docker, iliyotolewa mwaka 2013, programu hufungwa pamoja na vyote inavyovihitaji, ikahamishwa nzima. Jedwali lenyewe sharti liwekwe nje ya kontena, kwa kuwa kontena likifutwa, yaliyoandikwa ndani yake hufutika pia.

Hatimaye programu ipewe dirisha, ambalo mafundi huliita API. Kupitia dirisha hilo shule nyingine, ya Ipinda au ya Matema, hutuma ombi lenye tarehe, nayo hurudishiwa utabiri na mvua ya siku hiyo. Hivyo mkusanyaji mmoja hutumikia wengi, na tovuti haisumbuliwi na kompyuta mia.

Kazi hii ina adabu yake. Mwenye tovuti aombwe idhini kwanza. Na faili ya robots.txt, desturi iliyoanza mwaka 1994 ili kuziambia programu kurasa zisizopaswa kuzigusa, iheshimiwe. Siku umeme ulipokatika, nafasi yake katika jedwali iachwe wazi. Kuijaza kwa kukisia ni kuuharibu utafiti wote.

Lakini haifai wanafunzi waachiwe kazi ya kuchambua kurasa milele. Mpangilio wa ukurasa ukibadilishwa, programu yao hukwama. Taasisi za umma zinazokusanya takwimu kwa fedha za wananchi hazina budi kufungua madirisha yao zenyewe, pamoja na kumbukumbu za miaka iliyopita. Hapo mkulima wa Kyela hataambiwa auamini utabiri au aukatae. Ataonyeshwa ni mara ngapi ulisema kweli.