KARATA ZA DHAHABU: KIBAYA CHAJITEMBEZA

Nashika kalamu kuzungumzia jambo ambalo mwaka huu limeenea shuleni mwetu kama moto wa makuti. Jambo lenyewe ni karata za dhahabu. Wanaozileta huzitoa Malindi na Mombasa. Jozi moja huuzwa shilingi 400, na zile zenye picha hubadilishwa moja moja kwa kalamu, soda na hata vitabu. Mwenzetu mmoja ametoa kamusi yake ya Kiswahili akapewa wazungu watatu. Kamusi, jamani!

Kabla walimu hawajakunja nyuso, niseme wazi kwamba sitetei kamari wala kucheza karata darasani. Kanuni ya shule twaijua. Swali langu ni moja tu: tunacholipia ni karata nzuri, au ni maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti?

Pakiti yasema "karati 24", na ndani mna cheti eti cha kuthibitisha. Hebu tupige hesabu. Gramu moja tu ya dhahabu safi siku hizi yapita shilingi 10,000. Basi karata 52 zitakuwaje za dhahabu kwa shilingi 400? Ni plastiki iliyopakwa mng'aro. Cheti nacho hakina sahihi wala jina la mtu.

Haya, tusahau dhahabu. Je, zinachezeka? Watizame wazee wetu barazani jioni, wanne juu ya mkeka na taa moja. Mzee hutandaza pembe tu za karata zake, akajua alicho nacho, kwa sababu namba na alama zimewekwa pembeni. Mzungu amechorwa vichwa viwili, juu na chini, ili usilazimike kumgeuza wenzako wakafahamu kuwa unaye. Huo ndio ufundi, na hakuna aliyeupigia tarumbeta. Michoro hiyo ya wazungu asili yake ni mji wa Rouen, Ufaransa, ikavuka hadi Uingereza, na imesafishwa na mikono ya wachezaji kwa karne nyingi. Majina yetu yalipita njia nyingine, kwa Wareno: kopa, uru, shupaza, pau, na turufu pia.

Na mchezo wenyewe ni wa hesabu ya haraka. Ree ni 11, seti 10, mzungu wa nne ni 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumla ya jozi ni 120, ukipita 60 umeshinda. Karata isiyosomeka upesi hapo yaleta ugomvi.

Sasa chukua hizi za dhahabu. Kopa na uru zimechapwa kwa wekundu hafifu juu ya manjano, na taa ikizimulika huoni ila mng'aro. Zateleza hata rundo halikai. Lakini kubwa zaidi ni mgongo wake. Nilizoziona mimi zina picha ya noti ya dola 100, yenye kichwa kimoja tu upande mmoja. Mjanja akigeuza ree zote nne juu chini kabla ya kuchanga, basi kila ree yajulikana ingali mkononi mwako. Umenunua karata zinazokusaliti mwenyewe!

Wala tusidhani ni sisi watu wa Kipini tu tunaopumbazwa. Huko Marekani mwaka 1970 kasino moja iitwayo Jerry's Nugget ilichapishiwa karata na United States Playing Card Company. Hazikupata sifa yoyote, zikauzwa kwa bei ndogo katika duka la zawadi. Zilipokwisha, wakusanyaji wakaanza kuzitafuta hadi jozi moja ikafika mamia ya dola, na mwaka 2019 zikachapishwa upya kwa michango ya watu kwenye intaneti. Wapo wanaosifu karatasi yake, sawa. Lakini mchoro haukubadilika hata mstari mmoja kati ya siku zilipokuwa rahisi na siku zilipokuwa ghali. Kilichopanda ni uchache na maneno.

Sisemi karata zisipambwe. Napendekeza Chama cha Kiswahili kishirikiane na wanaosoma Sanaa tuchore jozi yetu. Mzungu wa nne wa shupaza awe Fumo Liyongo, ambaye kaburi lisemwalo kuwa lake liko hapa hapa Kipini, na kwa kuwa shupaza kwa Kireno ni upanga, silaha anayo tayari. Ree ya pau iwe na mkoko, seti ya kopa ichorwe kiboko wa Mto Tana. Vichwa viwe viwili, wekundu uwe wekundu, na mgongo uwe sawa juu na chini. Mimi niko tayari kuchora pau zote kumi na tatu. Anayetaka uru na aniambie mapema, maana uru ndiyo rahisi na najua itagombaniwa.